Siku Niliyokataa Kuwasha Injini ya Kanja

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na kinachonijia kwanza ni harufu. Ilikuwa harufu ya kahawa mbivu iliyolala kwenye magunia mpaka ikaanza kupata joto. Ukiwa mtoto wa mkulima wa kahawa huhitaji kuelezwa harufu hiyo. Inaingia puani, inashuka tumboni, kwa sababu unajua kazi ya mwaka mzima inaharibika mbele ya macho yako na huna la kufanya.

Hiyo ilikuwa Kanja, kwetu, huku Embu, wakati wa mavuno makubwa. Mimi Wawira nilikuwa msichana ambaye hajaolewa, na nilikuwa fundi wa injini. Naona unatabasamu. Siku hizi msichana akivaa ovaroli hakuna anayegeuka kumtazama, lakini enzi zile kuna wamama waliokuwa wakivuka barabara ili wanione kwa karibu, kisha wanauliza kwa upole kama nyumbani hakuna ndugu wa kiume.

Kazi niliifundishwa Majengo, mjini Embu, na fundi mmoja Mwislamu aliyeitwa Mzee Saidi. Watu wake walitoka sehemu nyingi, babu huku, bibi kule, na nyumbani kwao walizungumza Kiswahili kitupu. Hiki Kiswahili unachonisikia nikikisema nilikiokota gerejini kwake, maana sisi tulikuwa na Kiembu chetu, na Kiswahili cha kujibia mwalimu tu.

Mzee Saidi hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimwambia gari hili lina shida ya betri, alikuuliza jambo moja: "Umeona, au umewaza?" Kama umewaza tu, alikurudisha chini ya gari bila kukasirika. Mwanzoni swali hilo liliniudhi sana. Nilikuwa na haraka ya kuonekana najua, kama ulivyo wewe sasa, na usinichukie kwa kukwambia hivyo. Basi siku moja aliingia mteja na lori linalotoa moshi mweusi, nami nikautaja ugonjwa wake kabla dereva hajashuka. Mzee Saidi akanivuta kando, karibu na pipa la oili chafu.

"Wawira," akasema, "ukienda hospitali, daktari akikutazama ukiwa bado mlangoni akakuandikia dawa, utaimeza?"

"Siwezi, mzee."

"Kwa nini?"

"Hajanipima."

"Basi na huyu mwenye lori ana haki ya kupimwa kwanza."

Alinikemea hivyo tu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Lakini nilienda nyumbani masikio yanawaka.

Sasa nirudi Kanja. Asubuhi mapema pikapu iliingia gerejini na mjumbe wa kamati ya kiwanda cha kahawa. Injini ya kuendesha mashine ya kumenya kahawa ilikuwa imezimwa tangu jana yake mchana, ilipoanza kugonga. Walikuwa wamemwita Bwana Ireri, fundi mwenye jina kubwa kuanzia Runyenjes mpaka Siakago. Ireri alisikiliza, akasema shafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, imekwisha, na alfajiri hiyo alikuwa ameleta lori aibebe hadi karakana yake. Wakulima wengine walikubali. Wengine walisema injini ikishaondoka, msimu umekwisha, kwa kuwa hakuna ajuaye itarudi lini. Mwenyekiti akaona amwite na Mzee Saidi, asikie na yeye anasemaje.

Mzee Saidi alikuwa hawezi kuinuka. Mgongo wake ulikuwa umemshika siku zile, akawa anatoa maagizo akiwa amelala juu ya mkeka nyuma ya gereji. Akaniambia, "Nenda wewe. Ni kwenu."

"Na nikishindwa, mzee?"

"Ukishindwa, waambie umeshindwa wapi. Hiyo nayo ni kazi."

Nikapakia sanduku la spana kwenye pikapu, tukaondoka.

Kiwanda cha Kanja kilikuwa bondeni, karibu na mto, kama vilivyo viwanda vyote vya kahawa huku kwetu, kwa sababu kahawa inataka maji. Tulipoanza kuteremka ndipo harufu ile ilipotupokea. Foleni ilikuwa imetoka langoni na kupanda barabarani: magunia, mikokoteni, punda wawili watatu, akina mama waliokaa juu ya mizigo yao na leso vichwani. Watu walikuwa wamekesha pale. Kahawa mbivu haingoji, inatakiwa kumenywa ganda siku ile ile iliyochumwa. Ya jana ilikuwa tayari imeanza kuvuja maji mekundu kwenye magunia.

Katikati ya foleni nilimwona mama yangu. Baba alikuwa ameshatutoka, na mama ndiye aliyelima kahawa ile kwa mikono yake. Mdogo wangu Nthiga alikuwa sekondari, na shule yake ilisubiri kahawa ile. Mama aliponiona nikishuka kwenye pikapu na sanduku langu, alisimama, kisha akakaa tena. Sikujua kama amefurahi au ameogopa.

Mwenyekiti, Mzee Nyaga, alinitazama juu mpaka chini.

"Tulimwita Saidi."

"Amenituma mimi, mzee."

"Wewe si msichana wa Mama Nthiga?"

"Ndiye mimi."

Akashusha pumzi. "Haya. Ingia uone."

Bwana Ireri alikuwa amesimama kando ya injini, mrefu, amevaa koti safi la kaki, mikono nyuma. Nataka unielewe hapa, mwanangu, kwa sababu vijana wakisikia hadithi kama hii hutafuta mwizi. Ireri hakuwa mwizi. Alikuwa fundi hodari, na mkono wake kwenye tupa ya kukwangulia chuma hakuna aliyeufikia Embu nzima. Shida yake ilikuwa kwamba watu walikuwa wamemzoea kama mtu anayejua, na mtu akizoewa hivyo, inakuwa vigumu sana kwake kusema ngoja nitazame.

Hakunidharau. Alisema tu, "Sikiliza mwenyewe," akatia hendeli na kuiwasha injini ikiwa haijafungwa mkanda wa mashine.

Iliwaka. Halafu nikaisikia ile sauti. Ngo, ngo, ngo, nzito, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi na hataki kuondoka. Ireri akaizima haraka.

"Umesikia? Beringi ya chini ya pistoni imeliwa, na shafti imeliwa pamoja nayo. Ikikatikia humo ndani, hamtakuwa na injini tena."

"Nimesikia," nikasema. "Hata mimi sauti hiyo inaniambia ni beringi."

Watu waliokuwa wamejazana mlangoni waliguna. Mzee Nyaga akasema, "Basi mmekubaliana. Pakieni."

"Hapana, mzee," nikasema. "Tumesikia kitu kimoja. Hatujaona bado."

Ireri akanitazama kwa mshangao kidogo. Nadhani tangu alipopata jina hakuna mtu aliyewahi kusema neno kama hilo mbele yake. Alienda kusimama nje, karibu na lori lake.

Nikaanza kazi. Nilitoa oili kwenye karai safi, nikaisugua kati ya vidole nikitafuta vumbi la chuma, kwa kuwa beringi ikiliwa huacha unga wake kwenye oili. Hakukuwa na kitu. Nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikaingiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, nikakamata mahali pistoni inaposhikana na shafti, nikatikisa juu na chini kwa nguvu zangu zote. Kama beringi ingekuwa imekwisha, pale pangecheza. Hapakucheza hata unywele. Nikatikisa tena, maana na mimi nilikuwa nimeamini kwamba ni beringi, na mtu akiamini jambo hutaka sana kulipata.

Nikatoka, oili inanichuruzika mikononi, nikawaambia, "Beringi ni nzima. Shafti nayo, pale ninapoifikia, ni nzima."

Ungewaona, mwanangu. Watu waliinuka juu ya magunia kama wameambiwa wafu wamefufuka. Wengine wakaanza kuburuta mizigo kuelekea mdomo wa mashine. Mzee Nyaga akaweka mkono begani pangu kwa mara ya kwanza.

"Kama ni nzima, funga kila kitu tuwashe. Tusipoteze dakika."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kabla ya hapo nilikuwa nabishana na Bwana Ireri tu, na kubishana na mtu mmoja si kitu. Sasa wote walikuwa upande wangu, wananisifu, na walichotaka niseme ni neno dogo tu. Nami bado niliisikia ile sauti kichwani. Injini haigongi bila sababu. Kama si beringi, kilikuwepo kitu kingine, na sikukijua.

"Siwezi kuiwasha, mzee," nikasema.

"Umesema ni nzima."

"Nimesema beringi ni nzima. Hiyo inayogonga bado sijaijua."

Mkono wake ukatoka begani pangu. Nyuma yake mwanaume mmoja akasema kwa sauti, "Sasa huyu ametuletea nini? Yule anasema imekufa, huyu anasema ni nzima lakini isiwashwe." Watu wakacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Mwingine akasema waniondoe, waitwe watu wanaojua.

Kisha nikasikia jina langu.

"Wawira."

Mama alikuwa ametoka kwenye foleni. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa kahawa.

"Naam, mama."

"Hiyo beringi umeishika kwa mikono yako?"

"Nimeishika."

"Na ni nzima."

"Ni nzima, mama."

"Basi washa. Hii kahawa haifiki jioni. Unaijua hii kahawa, wewe mwenyewe umeipalilia."

Kuna mambo mengi nimeyafanya maishani, mwanangu, nimezaa, nimezika, lakini sidhani kama kuna neno lililokuwa zito mdomoni kama lile nililomjibu mama yangu mbele ya Kanja nzima.

"Mama, najua kisichouma. Kinachouma bado. Siwezi kukwambia injini ni salama na mimi sijui."

Hakunitukana. Aligeuka, akarudi kwenye magunia yake, akakaa akiwa amenipa mgongo. Afadhali angenitukana.

Nikachomoa hendeli ya kuwashia injini, nikaishika mkononi, ili asije mtu mwingine akaamua kuniwashia. Nikamwomba Mzee Nyaga awasogeze watu mbali na mashine na aniache. Alikuwa na haki ya kunifukuza. Mpaka leo sijui kwa nini hakunifukuza. Labda alikuwa amechoka tu. Alisema, "Haya, mtoto. Lakini jua likianza kuegemea kule, lori la Ireri linapakia," akaenda kuwasogeza watu huku wakinung'unika.

Basi nikabaki na injini. Nilianza upya, kama vile ndiyo kwanza nafika. Nikajiuliza, ni kitu gani kinaweza kugonga kama beringi na kisiwe beringi? Nikagusa kila nati. Nikashika bomba, nikashika miguu ya injini iliyofungwa kwenye saruji. Vyote vilikuwa vimekaza. Jasho lilinitoka na oili ikanikaukia mikononi. Kuna wakati niliketi kwenye ukingo wa saruji nikafikiri nitatoka nje niwaambie nimeshindwa. Nilikuwa tayari kabisa kulisema neno hilo, na kule kuwa tayari, nakwambia kweli, kulinitoa hofu. Nikasimama tena.

Injini ile ilikuwa na gurudumu zito la chuma ubavuni, linalonifikia kiunoni, ambalo sisi mafundi huliita flaiwili. Ndilo linaloifanya injini izunguke kwa utulivu. Linashikiliwa kwenye shafti na kipande kidogo cha chuma kinachopigwa kwa nyundo katikati yao, kama vile kabari inavyokaza jembe kwenye mpini. Nililisukuma lile gurudumu mpaka likagota kwenye mbano wa pistoni, nikalivuta nyuma, nikalisukuma tena. Kwa macho, gurudumu na shafti vilikwenda pamoja. Ndipo nikaweka kidole changu pale vinapokutana, nusu ya kidole juu ya shafti na nusu juu ya gurudumu, nikalisukuma kwa mkono wa pili.

Kidole kiliona kile ambacho macho hayakukiona. Gurudumu lilitangulia, shafti ikafuata. Ilikuwa tofauti ndogo kama unene wa kucha, lakini ilikuwepo. Nikavuta. Ikawepo tena.

Sikupiga kelele. Nilitoka mpaka kwenye lori, watu wote wananitazama, nikasimama mbele ya Bwana Ireri.

"Bwana Ireri, niazime kidole chako."

Akakunja uso. "Nini?"

"Kidole chako. Nimepata kitu, lakini nataka mkono uliozoea zaidi ya wangu uniambie kama ni kweli."

Na kweli nilitaka, mwanangu. Usifikiri nilikuwa namtega. Nilikuwa nimekosea mara moja kwa sikio siku ile ile, na sikutaka kukosea tena kwa kidole.

Alikuja polepole. Nikamwonyesha mahali, akaweka kidole, nikasukuma gurudumu. Sikuona chochote usoni pake. "Tena," akasema. Nikasukuma tena. Kisha akaniomba nisimame kando, akalishika gurudumu mwenyewe, akalisukuma na kulivuta huku amefumba macho. Alipoyafumbua alivua kofia yake.

Akatoka mlangoni, mahali ambapo kila mtu angemwona.

"Watu wa Kanja," akasema, "mimi niliwaambia shafti imekwisha. Nilisema kabla ya kufungua. Huyu amefungua, na shafti ni nzima. Kilicholegea ni lile gurudumu la ubavuni. Kabari inayolishika imeliwa." Akaongeza, na sauti yake ilikuwa imeshuka: "Nataka mjue na hili. Kama mngefunga mkanda na kuipa injini kazi, gurudumu lingechomoka. Na lingekwenda kule."

Akanyoosha mkono. Sote tukaufuata kwa macho. Mkono ulielekea mahali foleni ilipokuwa imejikunja asubuhi, mbele ya mdomo wa mashine, pale pale ambapo watu walikuwa wameanza kuburuta magunia. Mama yangu alikuwa amekaa hapo kabla ya kusogezwa.

Halafu Mzee Nyaga, ambaye mimi na wewe tungemsamehe kama angesema jambo la kujitetea, aliuliza tu, "Kwa hiyo mnahitaji nini?"

"Chuma kizuri," Ireri akasema, akimjibu yeye lakini akinitazama mimi. "Kwenye lori nina kipande cha ekseli. Wawira, utaniachia tupa?"

Ndiyo mara ya kwanza aliita jina langu. Nikampa tupa.

Laiti ungeiona kazi ile. Mimi nililitoa gurudumu kwa msaada wa vijana wenye nguvu, nikasafisha mfereji wa kabari kwenye shafti, nikaupima. Yeye alikaa juu ya gunia tupu, chuma kimebanwa kwenye jiliwa tuliloliegemeza kwenye bampa ya lori, akawa anapiga tupa kwa mwendo mmoja, bila haraka, ingawa kila mtu karibu yake alikuwa na haraka. Alipaka kabari grisi, akaichomeka, akaitoa, akatazama mahali grisi ilipofutika, akapiga tupa hapo hapo tu, akarudia. Wamama walikuja wakatuletea uji kwenye vibuyu. Watu walewale waliotaka niondolewe walishika gurudumu lisituangukie miguuni. Hakuna aliyetoa neno la kuuma. Nami sikumkumbusha mtu ya asubuhi.

Mwishowe kabari ikaingia kwa shida, kama inavyotakiwa. Ireri akanipa nyundo.

"Piga wewe," akasema. "Ni injini yako."

Nikapiga. Mlio wa kwanza ulikuwa butu. Nikapiga tena na tena, na kadiri ilivyozama mlio ukazidi kuwa mwembamba na safi, mpaka ukafanana na kengele ya shule. Nikaweka kidole pale pa mwanzo, Ireri akasukuma. Gurudumu na shafti vikaenda pamoja kama kitu kimoja.

Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea nilipotia hendeli. Nilizungusha. Injini ikakohoa, ikanguruma, ikashika. Nikangoja ile sauti. Nafikiri Kanja nzima iliingoja. Haikuja. Ilikuwa ni mngurumo mtupu, laini, unaotetemesha ardhi kidogo chini ya viatu. Nikaiacha izunguke kwanza bila mzigo, nikiwa nimewazuia watu kwa mkono, nikaizima, nikapima kwa kidole tena. Ndipo nikamwambia Mzee Nyaga, "Sasa najua. Ni salama. Fungeni mkanda."

Gunia la kwanza lilipomwagwa, kahawa nyekundu ikaingia upande huu, na upande ule maji yakatoka yamebeba punje nyeupe, safi, zinateleza kwenye mfereji kuelekea matangini. Bibi mmoja mzee alichota kiganja, akanusa, akasema, "Imepona." Hapo vigelegele vikaanza. Vilianzia pale mferejini, vikapanda na foleni, vikatoka langoni, mpaka vikafika barabarani kwa watu ambao hata hawakuwa wameona kilichotokea. Ya jana iliharibika kiasi, sitakudanganya, iliwekwa kando na daraja lake likashuka. Lakini ya siku ile iliokoka yote, na msimu wote uliofuata injini ile haikugonga tena.

Mama alinikuta nikinawa mikono mferejini. Hakusema pole wala hongera. Sisi watu wa Embu hatuna mazoea ya maneno hayo kwa watoto wetu. Alichukua kona ya leso yake akanifuta oili shavuni. Kisha akamgeukia jirani yake aliyekuwa akipita na gunia, akamwambia, akiwa amejaa fahari kama mtu aliyezawadiwa ng'ombe, "Unamwona huyu? Huyu alinikatalia mimi. Mbele ya watu wote."

Nilipofika Majengo, Mzee Saidi alikuwa bado juu ya mkeka wake. Nilianza kumweleza habari ya kabari, akanikatiza. Kabari haikumshughulisha.

"Kabla hujaipata," akauliza, "ulipokuwa hujui, uliwaambia hujui?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Walitaka kunifukuza."

Akacheka mpaka mgongo ukamuuma. Akasema, "Vizuri. Basi kuanzia leo sikutumi tena. Ukienda mahali, umekwenda mwenyewe, fundi Wawira." Hivyo ndivyo nilivyopata ufundi wangu, mwanangu. Sikuvishwa joho, na bado mpaka leo naona hakuna aliyepandishwa juu kuliko mimi siku ile.

Na Bwana Ireri? Wengi walidhani jina lake limekufa Kanja. Ilikuwa kinyume chake. Watu walizungumza kwa miaka juu ya fundi mkubwa aliyesimama mlangoni akasema, "Nilisema kabla ya kufungua," na waliokuwa hawamwamini wakaanza kumpelekea injini zao. Alipokwama alinitafuta, nilipokwama nilimtafuta. Tulitengeneza pamoja pampu za maji kule kwenye ukame wa Siakago, na mashine za kusaga mpaka Muthara, Tigania, ambako walituzawadia miraa ya kutosha mji mzima, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akitafuna.

Sasa nikwambie nilichokuitia. Wewe una kifaa cha kuchomeka kwenye gari, kikakuandikia kosa kwenye kioo. Ni kizuri, na kama tungekuwa nacho tungekitumia. Lakini kifaa nacho ni kama sikio langu siku ile: kinakwambia mahali pa kuanza kutafuta. Usimwambie mwenye gari ugonjwa ambao umeusoma tu. Fungua. Shika. Akikuuliza kabla hujaona, mwambie bado hujaona, na uso wako usione haya, hata kama pembeni kuna fundi mwingine ambaye ameshajibu. Na jihadhari zaidi watu wanapokupenda. Wakikupinga, utakuwa macho mwenyewe. Wakikushangilia na kukuomba useme ni salama, hapo ndipo fundi anapoanguka, kwa sababu neno la kuwafurahisha liko karibu sana na ulimi. Ukikosea, sema umekosea ukiwa umesimama pale pale ulipokosea, si wiki ijayo, si kwa kunong'ona. Na ukimpata mwenzako amekosea, mwite aje aweke kidole chake. Usimpigie kelele. Kesho utaihitaji tupa yake.

Mtu anapokuletea kilichoharibika, amekupa mali yake na amekupa pia maisha ya wale watakaopanda, watakaosaga, watakaosimama mbele ya mashine hiyo wakiamini umesema kweli. Wengi wao hutawajua kamwe.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyochoka na subira ya kuanza upya. Unakopita, vilivyokufa vifufuke, na watu wakikutaja jioni wakiwa na watoto wao, wakutaje kwa wema. Aibariki kazi yako yote, lakini kabla ya yote aubariki ulimi wako.